Kazi za Mikono katika Chama cha Wakulima wa Pamba
Hotuba iliyosomwa na Katibu katika Sherehe ya Kutimiza Miaka Kumi ya Chama Kikuu



Twashukuru kwa heshima tuliyopewa ya kunena machache siku ya leo, ambayo Chama chetu kinatimiza umri wa miaka kumi. Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za mizani, za maghala, za bei ya pamba na za mikopo ya pembejeo, na wamezieleza vema kupita tuwezavyo sisi. Kwa hiyo hatutayarudia hayo. Tumeombwa tueleze habari za meza ile ndefu iliyowekwa penye baraza ya ghala, ambayo wengi wenu mlisimama mbele yake asubuhi, mkawatazama wanasesere waliovaa kanga, na mablanketi ya viraka, na vitambaa vya meza, na mito, na kofia zilizodariziwa kwa mkono, na nguo za batiki. Kazi hizo zote zimefanywa na kikundi cha kazi za mikono cha wanachama wetu na jamaa zao, ambacho hukutana kila Jumamosi alasiri katika ghala hili hili, pamba ikiisha kuondolewa.

Twajua ya kuwa wako waliouliza, wala hawakuuliza kwa ubaya, "Chama cha wakulima wa pamba kina haja gani na wanasesere?" Swali hili ni la haki, na mwenye kuuliza swali la haki hastahili kupewa maneno matamu tu, bali jawabu lenye hesabu. Jawabu letu lina sehemu tatu. Kwanza tutasema juu ya ujamaa uliopo kati ya nguo na ushirika. Pili tutaeleza kazi yenyewe jinsi inavyofanywa na jinsi wanakikundi wanavyoonyeshana. Tatu tutataja jambo ambalo twauomba Mkutano Mkuu ulikate, kwani pasipo kukatwa jambo hilo meza ile itakuwa pambo la sherehe tu.

Tuanze na ujamaa wa nguo na ushirika. Kila mwanachama amewahi kusikia habari za mji wa Rochdale katika Uingereza, ambako watu 28 walifungua duka lao la ushirika tarehe 21 Desemba 1844, wakaanza kwa kuuza vitu vichache vya nyumbani: unga, siagi, sukari na mishumaa. Lakini si wote wakumbukao kwamba wengi miongoni mwa waanzilishi wale walikuwa wafumaji wa nguo. Watu hao waliwavika wengine, na wao wenyewe ujira haukuwatosha kununua chakula kilicho safi. Basi ushirika ambao sisi leo twauendesha kwa pamba ulitoka katika mikono ya watu wa nguo. Si jambo geni, kwa hiyo, mkulima wa pamba akikaa meza moja na mshonaji.

Hapa kwetu pia, pamba ndiyo iliyotufundisha ushirika. Wazee wetu wa mashamba ya kusini mwa Ziwa Victoria walichoshwa na mizani ya wanunuzi, wakaungana ili wapime wenyewe, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambalo Bwana Paul Bomani alikuwa kiongozi wake, nalo likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima katika Afrika. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na leo vinaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Katika mabadiliko hayo yote jambo moja halikubadilika: mkulima alijifunza kupima pamba yake, lakini mara pamba ikishapita mlangoni mwa ghala, habari zake humpotea.

Natuifuate pamba hiyo kwa hesabu ndogo. Mwanachama aletapo kilo 100 za pamba mbegu, kiwanda cha kuchambulia hutoa humo kilo 33 hadi 40 hivi za pamba nyuzi, na sehemu kubwa iliyobaki ni mbegu. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya nchi yetu huuzwa nje, ikasokotwa na kufumwa huko, kisha ikarudi kwetu ikiwa shati, shuka au kanga, nasi tukainunua tena. Nchi yetu ilijitahidi kulibadili jambo hili: mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na Mwanza pia kilijengwa kiwanda cha nguo. Sisi wa Chama hiki hatuna uwezo wa kujenga kiwanda cha namna hiyo. Lakini sindano twazo, cherehani twazo, na mikono iliyokwisha kuijua pamba tangu ikiwa ua twayo pia. Palipo na mikono, thamani yaweza kuongezwa hata bila ya bomba la moshi.

Tena liko jambo la majira. Pamba hupandwa mwisho wa mwaka mvua zianzapo, na ununuzi hufunguliwa katikati ya mwaka unaofuata. Fedha ya pamba huja mara moja, ikaondoka mara nyingi. Ifikapo Januari, shule zifunguliwapo na watoto wanapodai sare, madaftari na viatu, nyumba nyingi za wakulima hazina kitu. Miezi hiyo ndiyo kazi ya mikono ihitajiwayo. Haiji kuondoa pamba mahali pake, bali huja kulijaza pengo ambalo pamba haiwezi kulijaza.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Tutaanza na mwanasesere, kwa kuwa ndiye aliyeulizwa sana.

Mwanasesere si mgeni katika nchi yetu. Watoto wa mashamba tangu zamani wamejifungia gunzi la hindi kwa kitambaa, wakalibeba mgongoni kama mtoto. Wazaramo na Wakwere wana mwana hiti, kichonga kidogo cha mti chenye umbo la mwili na nywele zilizogawanyika juu ya kichwa, ambacho mwali alipewa alipokuwa ndani akifundwa. Mwana hiti hakuwa mchezo tu, bali alimkumbusha binti uzazi na wajibu wa mtu mzima. Kwa hiyo mtu akidhani kwamba mwanasesere ni upuuzi wa kigeni, hajauliza wazee.

Wanakikundi wetu humfanya mwanasesere kwa nguo. Mwili hukatwa katika kitambaa cha marekani, ambacho mara nyingine huchovywa katika chai nzito au rangi nyingine ili kipate weusi wa ngozi zetu. Kigezo huchorwa juu ya karatasi ngumu ya boksi, kikalazwa juu ya kitambaa kilichokunjwa mara mbili, kikafuatishwa kwa chaki. Hapo ndipo mwanafunzi hufanya haraka akakata. Lakini walimu wa kikundi hufundisha kushona kwanza juu ya mstari, na kukata baadaye, huku ukiacha ukingo wa nusu sentimita nje ya mshono, na nafasi ya vidole viwili ya kupindulia. Penye shingo na makwapa hukatwa vitobo vidogo ukingoni, visiguse mshono, ili kitambaa kisijikunje kikipinduliwa. Kisha hujazwa sufi ya mti wa msufi, ile ijazwayo katika mito, au mabaki ya vitambaa yaliyokatwa vipande vidogo kabisa. Hujazwa kidogo kidogo kuanzia ncha za mikono na miguu, na shingo hushindiliwa sana, kwani mwanasesere mwenye shingo legevu huinamisha kichwa siku ya tatu, na mnunuzi harudi tena. Nywele ni nyuzi za sufu, zilizoshonwa safu kwa safu na kusukwa. Nguo hutoka katika vipande vidogo ambavyo mafundi cherehani wa sokoni walikuwa wakivitupa.

Macho ya mwanasesere hudariziwa kwa uzi. Kikundi kimekataza kabisa kushona vifungo na shanga katika wanasesere wa watoto wadogo, kwani mtoto huweza kung'oa kifungo akakimeza, kikamkaba. Pia kila rangi hufuliwa kwanza na kujaribiwa juu ya kitambaa cheupe, isije ikatoka kinywani mwa mtoto, na pini zote huhesabiwa kabla ya kazi na baada ya kazi. Na kwa kuwa sufi hushika moto upesi, hapana taa ya moto wala jiko karibu na magunia yake. Kanuni hizi zimeandikwa ubaoni kwa herufi kubwa, nazo ni za lazima kwa mwalimu na kwa mwanafunzi vilevile.

Nguo za batiki hufanywa nje, uani. Nta huyeyushwa katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, wala haiwekwi juu ya moto mtupu, kwani huweza kuwaka. Mchoro huchorwa kwa nta hiyo juu ya kitambaa. Palipo na nta rangi haiingii. Na kitambaa kikiisha kukauka nta huondolewa kwa maji ya moto. Ile mistari myembamba kama nyufa, mliyoiona katika nguo za buluu pale mezani, ni mahali ambapo nta ilivunjika na rangi ikapenya.

Kofia nazo ni kazi ya wazee wawili wa kiume, ambao walijifunza pwani ujana wao. Kitambaa cheupe hukunjwa, kikatobolewa matundu madogo sana, na kila tundu likazungushiwa uzi. Kofia moja njema yaweza kuchukua majuma mengi. Wazee hao wamekubali kuwafundisha vijana, kwa sharti kwamba kijana asiulize kwanza atalipwa kiasi gani kabla hajamaliza tundu mia moja zilizo sawasawa.

Desturi ya kikundi ni hii. Kila Jumamosi, kabla ya kazi mpya kuanza, kila mmoja huweka mezani kitu alichokifanya juma lile, kizima au nusu. Husimama akaeleza alichokusudia, kilichomshinda, na alivyokitatua. Wengine huuliza, hushika, hugeuza wakatazama mishono ya ndani. Kucheka kazi ya mtu kumekatazwa. Kusema "nzuri" bila kueleza uzuri wake u wapi kumekatazwa vilevile, kwani sifa isiyo na sababu haimfundishi mtu. Katika desturi hiyo tumeona mambo ambayo hayakuwa katika kitabu chochote. Mama mmoja alimfanya mwanasesere aliyebeba mtoto kwa mbeleko, na mtoto huyo hutoka na kurudi; kwa mwezi mmoja wanakikundi wengi walikuwa wamekwisha kujifunza mbeleko hiyo, na kila mmoja aliitia namna yake. Mjane mmoja alileta blanketi la viraka lililoshonwa kwa mashati ya marehemu mumewe. Alisema wazi kwamba halikuletwa kuuzwa. Kikundi kililitazama kwa heshima, kikajifunza kwake jinsi ya kuunganisha kitambaa chakavu na kipya bila kipya kukipasua chakavu, kisha akalikunja akaenda nalo. Hata kazi isiyokuwa na bei ilitufaidi wote.

Hapa twakutana na shaka ya kwanza. Wako wasemao, "Nikionyesha kigezo changu, jirani atakiiba, na soko litakuwa lake." Hofu hii si ya bure, wala hatuidharau. Lakini tutazame mifano. Wanawake wa Mombasa na Unguja, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, walinunua leso zilizopigwa chapa, wakaziunga sita kuwa nguo moja. Wengine wakaiga, wafanyabiashara wakafuata, na hapo ikatoka kanga yenye pindo na mji, na baadaye maandishi. Kama mwanamke wa kwanza angaliificha nguo yake sandukuni, tusingalikuwa na kanga leo. Huko Giengen, Ujerumani, alikuwako mshonaji jina lake Margarete Steiff, ambaye maradhi ya utotoni yalimpoozesha miguu, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Mwaka 1880 alishona tembo mdogo wa kuchomekea pini, kwa kigezo alichokiona katika gazeti la mitindo. Watoto wakamgeuza tembo yule kuwa mchezo wao, na kutoka hapo likazaliwa karakana la vitu vya kuchezea vya nguo lililojulikana dunia nzima. Kigezo kile kilichapishwa kwa kila mtu. Kilichomtofautisha yeye ni mkono wake na bidii yake.

Hata hivyo, kikundi hakikuwaacha wabunifu bila kinga. Kimekubaliana ya kwamba kigezo kipya huandikwa daftarini kwa jina la aliyekibuni, na kwa msimu mmoja mzima yeye peke yake ndiye auzaye kazi ya kigezo hicho kwa njia ya kikundi. Baada ya hapo huwa cha wote, na jina lake hubaki daftarini. Kwa njia hii mbunifu hupata faida yake, na kikundi hupata elimu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; sisi twaongeza ya kuwa na ubunifu ni mali.

Shaka ya pili ni ya soko, na juu yake twapenda kutoa mfano mmoja kwa urefu, kwa kuwa watu wake wanafanana nasi. Zamani, katika karne ya 19, nguo ya pamba isiyotiwa rangi ililetwa Unguja kwa merikebu kutoka viwanda vya kaskazini mwa Marekani, na ndiyo maana mpaka leo kitambaa kile twakiita marekani. Pamba ya viwanda hivyo ililimwa na watumwa wa asili ya Kiafrika katika majimbo ya kusini. Wajukuu wa watumwa wale waliendelea kulima pamba, na wake zao walishona mablanketi ya viraka kwa nguo za kazi zilizochakaa, ili watoto wasife baridi. Mwaka 1966, katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, wanawake hao waliunda ushirika wao wa kushona, ulioitwa Freedom Quilting Bee. Ilikuwa ni miaka ambayo watu weusi wa huko walipigania haki ya kupiga kura, na wengine walifukuzwa katika mashamba ya matajiri kwa sababu tu ya kujiandikisha. Ushirika ule ulinunua ardhi, ukajenga nyumba ya kushonea, na mablanketi yao yakauzwa hata New York.

Mfano huu una tumaini na una onyo. Tumaini ni kwamba sindano ya mwanamke mkulima iliweza kuleta fedha, ardhi na heshima mahali ambapo jembe peke yake halikuweza. Onyo ni kwamba maduka makubwa yalipoagiza kazi nyingi, yalitaka kila blanketi liwe sawa na jingine, kwa kipimo na kwa rangi. Na katika miaka ya 1970 mkataba mkubwa wa ushirika ule ulikuwa wa kushona foronya za kitambaa cha kodirai kwa kampuni ya Sears. Kazi ilipatikana, na chakula kilipatikana, lakini nafasi ya kila mshonaji kubuni lake ilipungua. Tena, mablanketi ya wanawake wa kitongoji cha Gee's Bend, katika wilaya hiyo hiyo, yale yaliyoshonwa nyumbani kwa moyo wa mshonaji, ndiyo yaliyowekwa katika majumba ya makumbusho ya Houston na New York mwaka 2002, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikayatia katika stempu za posta. Ushirika wenyewe ulifungwa mwaka 2012, waanzilishi wakiwa wamezeeka au wamekufa. Twajifunza humo mambo mawili: kwamba kikundi kikiuza kinacholingana tu kitaua chemchemi yake, na kwamba kisipofundisha vijana kitakufa na wazee wake.

Kwa hiyo kikundi chetu kimegawa kazi mara mbili. Ziko kazi za agizo, kama sare za shule na foronya, ambazo hufuata kipimo kimoja. Ziko na kazi za meza, ambazo kila mmoja hubuni apendavyo. Jumamosi ya kuonyeshana haifutwi hata agizo likiwa kubwa namna gani.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa mwanasesere mmoja. Tarakimu hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke za soko lake. Tuseme kitambaa cha mwili ni shilingi 1,500, cha vazi shilingi 1,000, nyuzi na uzi shilingi 700, na sufi shilingi 800. Jumla ni shilingi 4,000. Mnunuzi mpitaji akitoa shilingi 6,000, mshonaji hufurahi akasema amepata faida ya shilingi 2,000. Lakini mwanasesere yule alichukua saa sita za kazi. Gawanya shilingi 2,000 kwa sita, utaona kwamba saa moja ya mtu mzima mwenye ujuzi imelipwa shilingi 333. Akitaka saa yake ilipwe shilingi 1,000, hana budi kuuza kwa shilingi 10,000, na hapo bado hatujahesabu cherehani kuchakaa. Mtu mmoja peke yake barabarani hawezi kusema shilingi 10,000 na kushikilia neno lake, kwa kuwa jirani yake atasema 5,000. Watu wote wa kikundi wakisema bei moja, mnunuzi husikia. Hilo ndilo somo la mizani ambalo wazee wetu walilijua katika pamba. Twalihamisha tu kutoka mizani mpaka sindano.

Tumefika sehemu ya tatu, Mheshimiwa Mwenyekiti, nayo ndiyo iliyotuleta mbele yenu.

Wengi wa washonaji wetu ni wanawake. Wao ndio wapaliliao na wachumao pamba. Wao ndio wachaguao pamba safi na kuitenga na pamba fifi kabla haijafika ghalani. Hata hivyo, tukifungua madaftari ya vyama vyetu vya msingi, majina yao ni machache mno, kwa kuwa hisa iliandikwa kwa jina la mwenye shamba, na mwenye shamba aghalabu ni mume, baba au kaka. Jambo hili lilikuwa likipita bila kuonekana maadamu mali ilikuwa pamba peke yake. Lakini kazi ya mikono imelifunua. Kikundi kilipouza kazi zake kwa njia ya Chama, malipo hayakuweza kuandikwa kwa jina la mshonaji asiye na hisa. Yaliandikwa kwa jina la mwanachama wa nyumba yake. Waume wengi walifikisha fedha hiyo yote nyumbani, na twawashukuru kwa uaminifu wao. Lakini haki ya mtu haipaswi kutegemea wema wa mtu mwingine. Na mjane, je, malipo yake yataandikwa kwa jina la nani?

Wako wazee waliotuambia kwamba jambo hili litaleta mafarakano nyumbani. Twawajibu kwa adabu. Nyumba yenye hisa mbili ina sauti mbili mkutanoni, tena ina akiba mbili siku ya shida. Baba aliye na deni la pembejeo mwaka wa ukame hataona haya mkewe akilipa ada ya mtoto kwa fedha ya kofia na wanasesere; ataona haya ikiwa mtoto atarudishwa nyumbani. Tena si sisi tuliolibuni jambo hili. Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika, katika tamko lake la mwaka 1995, uliweka kuwa msingi wa kwanza wa ushirika uanachama wa hiari ulio wazi kwa watu wote, bila kubagua jinsia. Chama kisemacho kinafuata misingi hiyo, na mlango wake ukawa mwembamba kwa nusu ya watu wake, kinajisuta chenyewe.

Basi twauomba Mkutano Mkuu ukubali mambo manne. La kwanza, kila chama cha msingi kifungue daftari lake na kumpokea kila mwanamke atakaye kununua hisa yake mwenyewe, na hisa hiyo iweze kulipwa kidogo kidogo, hata kwa kukatwa katika mauzo ya kazi za mikono. La pili, malipo ya kazi ya mikono yaandikwe kwa jina la aliyeifanya, na stakabadhi apewe yeye mkononi. La tatu, ghala hili liwe la kikundi kila Jumamosi nje ya msimu wa ununuzi, kwa maandishi na si kwa hisani ya mwenye ufunguo. La nne, kikundi kikiwa tayari kwa hesabu zake, Chama kikisaidie kuandikishwa kuwa chama cha msingi chenye haki zake, kikae katika meza ya Chama Kikuu sawasawa na wakulima.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji kalamu, daftari na nia. Chanda chema huvikwa pete, walisema wazee. Nasi hatuombi pete, bali twaomba jina la mwenye chanda liandikwe.

Mabibi na Mabwana, karatasi za kura zitagawiwa baada ya chakula, na maombi manne tuliyoyataja yamechapishwa nyuma ya karatasi hizo ili kila mjumbe ayasome tena kwa utulivu. Meza ya kazi za mikono itabaki wazi mpaka jioni. Twawaomba mnunue, na mnaponunua, ulizeni jina la aliyeshona. Wengi wao wapo hapa ukumbini, nao watafurahi kulitaja.

Ushirika udumu.